Kinyago na Kisasi: Mtazamaji Mbele ya Filamu « V for Vendetta »

1. Utangulizi

Mtu anayetoka katika jumba la sinema baada ya kutazama V for Vendetta huwa amebeba mambo mawili yasiyopatana. Kwanza, amefurahi kuona serikali dhalimu ikianguka. Pili, furaha hiyo yenyewe inamtia wasiwasi, kwa kuwa shujaa aliyeiangusha ameua watu mmoja baada ya mwingine, amejaza treni baruti, na amemtesa msichana anayempenda. Makala haya yanakusudia kueleza wasiwasi huo unatoka wapi. Hoja yake ni kwamba filamu hii humfundisha mtazamaji kushangilia, kisha, katikati ya hadithi, humnyima sababu ya kushangilia. Thamani yake imo zaidi katika sehemu hiyo ya katikati kuliko katika mlipuko wa mwisho.

2. Asili ya filamu

Filamu iliongozwa na James McTeigue, na mswada wake uliandikwa na ndugu wawili wa ukoo wa Wachowski. Ilianza kuenea katika majumba ya sinema mwezi wa Machi 2006. Chanzo chake ni hadithi ya picha, utanzu ambao wasomaji wengi wa Kongo huujua kwa jina la Kifaransa la « bande dessinée ». Maneno yalitungwa na Alan Moore na picha zikachorwa na David Lloyd, wote wawili Waingereza. Hadithi ilianza kutolewa mwaka 1982 katika jarida la Warrior, ikakatika jarida hilo lilipokoma mwaka 1985, ikamalizwa mwaka 1988 na 1989 na kampuni ya DC Comics ya Marekani.

Utanzu huu unaweza kuitwa hadithi ya dola ya jinamizi: mtunzi huchukua ubaya unaoonekana katika siku zake, akaukuza, akauweka katika siku zijazo ili wasomaji wautambue. Katika kitabu, Uingereza imeponea chupuchupu katika vita vya nyuklia, na chama cha kifashisti kiitwacho Norsefire kimeshika madaraka. Katika filamu, chama hicho kimefika madarakani kwa kueneza kwa siri ugonjwa uliowaua raia wake, kisha kikajidai mwokozi wao. Tofauti hiyo si ndogo. Moore alizikabilisha itikadi mbili kali, ufashisti na ile isiyokubali serikali yoyote, akamwachia msomaji kazi ya kuamua. Filamu inaikabilisha serikali ya uongo na watu waliodanganywa, hivyo mtazamaji hana haja ya kufikiri sana kabla ya kuchagua upande. Moore alilalamika hadharani kwamba mzozo wake wa Uingereza umegeuzwa kuwa mzozo wa kisiasa wa Marekani, akakataa jina lake lisionyeshwe. Ndiyo maana filamu humtaja Lloyd peke yake.

3. Ulimi wa V

Kivutio cha kwanza cha V ni maneno yake. Anapokutana na msichana Evey usiku, baada ya kumwokoa mikononi mwa askari wa siri, anajitambulisha kwa hotuba ndefu ambamo karibu kila neno zito linaanza na sauti v. Hotuba hiyo ilitungwa kwa ajili ya filamu. Haimo katika kitabu. Wasikilizaji wa Kiingereza hustaajabu, kwa maana wanatambua kwamba kila neno limetafutwa kwa bidii.

Mfasiri wa Kiswahili angekutana na tatizo la ajabu hapa. Sauti v si adimu katika lugha yetu. Ngeli ya vi- huileta bila kutafutwa. Mtu akisema « vitabu vyangu vyote vikubwa vimeibwa », amezirudia sauti hizo bila kukusudia urembo wowote, sarufi imemlazimisha. Kwa hiyo kile ambacho katika Kiingereza ni pambo, katika Kiswahili kingeweza kupita bila kusikika. Mfasiri angelazimika kuikwepa ngeli hiyo na kutafuta maneno ambayo v imo katika mzizi wenyewe, kama vile vumbi, vunja na vizia. Jambo hili linaonyesha kwamba mtazamaji huvutwa na ufundi wa msemaji kabla hajaujua mwenendo wake.

4. Kinyago

Kivutio cha pili ni uso. V hauonyeshi uso wake hata mara moja; mwigizaji Hugo Weaving anacheza nyuma ya kinyago chenye tabasamu lisilobadilika. Ni sura ya Guy Fawkes, mmoja wa Wakatoliki waliokula njama mwaka 1605 ili kulipua Bunge la Uingereza pamoja na mfalme James wa Kwanza. Alikamatwa akilinda mapipa 36 ya baruti. Tangu hapo Waingereza huadhimisha tarehe 5 Novemba, na kwa desturi huchoma sanamu yake motoni.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa. Barakoa hufunika uso. Kinyago, kwa kuwa ni kitu cha kuchongwa, huonyesha sura nyingine mahali pa ile iliyofichwa. V anahitaji yote mawili. Anaficha mwili ulioungua katika kambi ya Larkhill, ambako wafungwa walifanyiwa majaribio ya kitabibu, na anaonyesha sura ambayo taifa lake limekuwa likiichoma kwa mchezo. Wahenga walisema kinyago cha kujichongea hakikutishi. Katika filamu hii methali inapinduliwa: waliokichonga kinyago ndio kinachowatisha, na V mwenyewe ni kazi ya mikono ya waliomtesa.

5. Kisasi

Neno « vendetta » lenye asili ya Kiitalia hutaja uadui wa damu unaorithiwa na koo. Kiswahili husema kisasi, neno la asili ya Kiarabu lenye wazo la malipo yanayolingana na kosa. Katika V malipo hayo yamechanganyika na siasa. Kuliangusha dola ni jambo la watu wote. Kuwaua waliofanya kazi Larkhill ni deni lake mwenyewe. Filamu imeyafunga mambo hayo kwa herufi moja, ambayo pia ni tano ya Kirumi, yaani nambari ya chumba chake cha kifungo.

Mtazamaji hutambua mchanganyiko huo V anapomwendea daktari Delia Surridge. Mama huyo anajuta kweli. Anaomba radhi, lakini sumu imekwisha kuingia mwilini mwake. V hamdhihaki, wala hamwokoi. Radhi imekuja, na deni limelipwa vilevile.

6. Kifungo cha Evey

Jambo zito zaidi linafuata. Evey anakamatwa, ananyolewa kichwa, anafungiwa peke yake, anateswa ili aseme V yuko wapi. Mwigizaji Natalie Portman alinyolewa kweli mbele ya kamera, na mtazamaji huliona hilo. Katika chumba chake Evey anapata barua ya mfungwa aitwaye Valerie, iliyoandikwa juu ya karatasi ya msalani, nayo inamtia nguvu hata anachagua kufa kuliko kusaliti. Ndipo anapoambiwa kwamba yu huru. Anatoka nje, anakuta mlinzi ni sanamu, na aliyemfunga ni V.

Hapo ndipo makofi yanapokatika. Muda wote mtazamaji alimchukia mtesaji asiyemwona. Sasa anajulishwa kwamba ni yule aliyempenda. Barua ya Valerie ilikuwa ya kweli, ila kifungo kilikuwa cha kutungwa. V anadai kwamba amemwondolea Evey hofu. Lakini ni nani aliyempa ruhusa? Dola nalo husema linawatesa watu kwa manufaa yao. Filamu inajaribu kuliponya jeraha haraka, kwa kumwonyesha Evey akisimama katika mvua kama V alivyosimama katika moto. Hata hivyo Evey anamwacha V na kwenda zake, na kuondoka huko ni jibu la haki kuliko maelezo yote ya V.

7. Umati wa vinyago

Mwishoni maelfu ya watu waliovaa kinyago kilekile wanatembea kuelekea Bungeni. Askari hawapigi risasi, treni iliyojaa baruti inafika, jengo linalipuka. Mtazamaji wa London alikuwa na sababu ya kushtuka: tarehe 7 Julai 2005, miezi minane tu kabla ya filamu kuenea, watu 52 waliuawa na mabomu katika treni za chini ya ardhi na katika basi moja la jiji hilo. Kisha vinyago vinavuliwa, na miongoni mwa nyuso zinaonekana za wahusika waliokwisha kufa, Valerie akiwamo.

Kinyago hicho kilitoka nje ya sinema. Mwaka 2008 kilivaliwa na waandamanaji wa kundi la Anonymous, na mwaka 2011 kikaonekana New York katika maandamano dhidi ya mabenki. Kwa kila kinyago rasmi kilichonunuliwa, kampuni yenye haki za filamu ilipata fungu lake.

8. Hitimisho

Wasiwasi wa mtazamaji, basi, hautokani na kutoelewa hadithi. Unatokana na kuielewa vema. Ulimi ulimvuta, kinyago kikampa shujaa asiye na uso, kisasi kikamtia shaka, na chumba cha Evey kikamlazimisha kupima mkono wa mwokozi kwa kipimo kilekile anachopimia mkono wa dhalimu. Anayekumbuka mlipuko peke yake amebaki na kinyago. Anayemkumbuka Evey akiondoka ameondoka na swali, nalo ni swali la kuulizwa kila mahali ambapo mtu anajitolea kuwakomboa wengine bila kuwauliza.