Motokaa na Mlima wa Sagana: Hitilafu za Kawaida na Jinsi ya Kuzitambua

Sagana ni mji mdogo ulio kando ya mto Sagana, katika Kaunti ya Kirinyaga, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kaskazini ya Nairobi. Hapo njia nyingi hukutana. Moja yatoka Nairobi, nyingine yaja kutoka Murang'a, nyingine yaenda Kagio na Mwea penye mashamba ya mpunga, na ile iliyo kuu yapanda kwenda Karatina, Nyeri na Nanyuki. Kila mwisho wa juma magari mengi ya jamaa hupita hapo: baba na mama mbele, watoto na nyanya yao nyuma, na mizigo ya nyumbani imejazwa hata kioo cha nyuma hakionyeshi kitu.

Kutoka Sagana kwenda mbele, njia huanza kupanda. Mji wa Sagana upo kwenye kimo cha mita kama 1,200 juu ya bahari, na Karatina, mwendo wa kilomita zipatazo 30 tu, imepita mita 1,700. Basi gari lililokwenda vizuri siku nyingi katika mji wa Nairobi laweza kuonyesha ugonjwa wake hapo mlimani kwa mara ya kwanza. Tena wakati wa kurudi, mteremko ule ule hujaribu breki.

Magari mengi ya jamaa katika miji hii, kama Toyota Probox, Fielder na Vitz, Mazda Demio, Nissan Note na Subaru Forester, yameletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la namna hiyo lililopita miaka 8. Magari haya ni imara, lakini kila moja lilikuwa na mwenyewe mwingine kabla, na kitabu chake cha maelezo aghalabu kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo wenye magari wengi hawakujua gari lao lahitaji nini. Yafuatayo ni mambo ambayo yafaa kila mwenye gari ayafahamu.

INJINI KUPATA JOTO

Hitilafu hii ndiyo huwaangusha wengi mlimani. Maji ya kawaida huchemka kwa digrii 100 pwani, lakini mtu akipanda juu, hewa hupungua nguvu na maji huchemka upesi zaidi. Huko Karatina huchemka kwa digrii kama 94. Injini ya siku hizi hufanya kazi kwa joto la digrii 90 na kitu. Kitu kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufunga mvuke ndani kwa nguvu, na nguvu hiyo huyawezesha maji kustahimili joto lipitalo digrii 110. Mpira wa kifuniko ukichakaa, kinga hiyo hupotea. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, na injini mpya ni mali nyingi.

Wengine hutia maji matupu ya bomba au ya mto katika rejeta. Hilo ni kosa. Maji matupu huleta kutu na uchafu, na uchafu huziba mishipa ya rejeta. Dawa ya rejeta iliyochanganywa kama inavyotakiwa huzuia kutu, na pia huinua kiwango cha kuchemka. Wengine tena, gari likianza kupata joto, huondoa thamostati na kuitupa. Thamostati ndiyo mlango unaoongoza maji ili injini ipate joto lake la haki. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari hudhani ni asubuhi siku zote, na petroli huliwa bure. Tena sababu ya kwanza ya joto haijaondoka.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba magari mengi mapya hayana mshale wa kuonyesha joto. Yana taa mbili tu: ya buluu, maana yake injini ingali baridi, na nyekundu, maana yake imepita kiasi. Taa nyekundu ikiwaka, dereva asiseme, "Nitafika Karatina kwanza." Na azime mtambo wa hewa baridi, afungue ule wa hewa moto ili upunguze joto la injini, kisha atafute mahali pa salama pembeni, asimame na kuzima injini. Asifungue kifuniko cha rejeta upesi. Watu wamechomwa uso na mikono kwa mvuke huo. Angoje nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Wala asimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, maana chuma chake chepesi chaweza kupasuka.

Ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe watoka nyuma bila kukoma hata injini ikiwa imekwisha kupata moto, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Gari la namna hiyo livutwe mpaka gereji, lisiendeshwe.

BREKI KATIKA MTEREMKO

Dereva anayeshuka kutoka Karatina huku mguu wake umekaa juu ya breki wakati wote huzitia moto. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka katika hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwa digrii zisizopungua 205, lakini yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Yakichemka huwa na mapovu, na mapovu hubonyea: pedali huenda mpaka chini na gari halisimami. Ajali ya namna hii huja bila kubisha hodi.

Kinga yake ni mbili. Kwanza, mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hivi, hata kama yaonekana masafi. Pili, injini yenyewe itumiwe kuzuia gari. Katika gari la gia za mkono, dereva na ashuke kwa gia ndogo. Katika gari la gia za kujibadili, aweke mkono wa gia kwenye alama ya L, S, B au 2, kadiri gari lilivyotengenezwa. Haifai kamwe kuzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa petroli, maana injini ikizimwa breki huwa ngumu na usukani huwa mzito.

TAA ZA ONYO NA MASHINE YA KUPIMA

Rangi za taa mbele ya dereva zina maana. Nyekundu husema, "Simama." Ya manjano husema, "Nenda gereji karibuni." Taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka bila kupepesa, safari fupi yaweza kuendelea kwa uangalifu. Ikipepesa, petroli isiyoungua yaingia katika bomba la moshi na kuharibu chombo cha kusafisha moshi. Basi mwendo upunguzwe na gari lisimamishwe mapema. Mara nyingi sababu ni plagi zilizochoka au koili ya plagi moja.

Mafundi wengi sasa wana mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani ili kusoma hitilafu. Mashine hiyo yafaa sana, lakini haisemi ni kipuri gani kinunuliwe. Kwa mfano, namba P0171 husema kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Huenda mpira wa hewa umepasuka, huenda chombo cha kupima hewa kina vumbi, huenda pampu ya petroli imechoka. Fundi mzuri huchunguza kwanza ndipo abadilishe. Fundi anayefuta namba hiyo na kusema gari limepona hakuponya kitu. Amezima kengele tu, na moto ungali ndani ya nyumba.

OILI NA MAFUTA YA GIA

Injini nyingi za miaka hii zimetengenezwa kwa oili nyepesi, kama 0W-20 au 5W-30, kwa sababu njia za oili ndani yake ni nyembamba. Dhana ya zamani kwamba oili nzito ndiyo yenye nguvu haifai tena. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi ya baridi ya Nyeri, na injini husagika wakati huo. Aina inayotakiwa huandikwa katika kitabu, na mara nyingi juu ya kifuniko cha oili.

Kosa lililo ghali zaidi ni la mafuta ya gia. Magari mengi madogo ya Japani yana giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za meno bali ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili. Mkanda huo wahitaji mafuta yake maalum. Fundi akitia mafuta ya giaboksi ya kawaida, mkanda huteleza na kujikwaruza, na baada ya muda gari hutetemeka na kukataa kupanda. Mwenye gari na ajue jina la giaboksi yake kabla ya kulaza gari gereji.

BETRI

Betri nzima, gari likiwa limezimwa, hupima volti kama 12.6. Injini ikizunguka, kipimo huwa kati ya 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya hapo, alteneta au mkanda wake ndio wenye kosa, na kununua betri mpya hakutasaidia. Mara nyingine ubaya ni unga mweupe tu juu ya vichwa vya betri, ambao huondoka kwa maji ya moto na brashi.

Wenye magari ya petroli na umeme, kama Toyota Prius na Aqua, wana jambo jingine. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kwa tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la njia za udongo, au blanketi lililowekwa hapo, huziba tundu hilo, na betri hufa kwa joto. Na lisafishwe mara kwa mara. Lakini waya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyefundishwa, maana umeme wake huua.

MAONGEZO YAFAAYO NA YASIYOFAA

Watu hupenda kuongeza vitu katika magari yao. Baadhi vina maana. Redio ya Kijapani ilitengenezwa kwa mawimbi yanayoanzia megahezi 76 hadi 90 au 95, na vituo vya Kenya vipo kati ya 88 na 108; kifaa kidogo kinachofungwa nyuma ya redio humaliza taabu hiyo. Kadhalika, mtu akaaye penye njia mbovu hufanya vizuri kununua springi na shokapu imara zilizotengenezwa kwa gari lake.

Lakini kuinua gari kwa vipande vingi vya mpira au chuma hubadili uzani wake, na katika kona za mlimani huweza kupinduka upesi. Taa kali zilizotiwa ndani ya vioo vya taa za kawaida hutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja mbele. Na waya wa king'ora au spika uliounganishwa bila fyuzi huweza kuwasha moto. Aongezaye kitu na ajiulize kwanza kama matairi yake yangali mazima. Tairi zina namba nne pembeni zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililozeeka hupasuka hata kama meno yake yangalipo.

GARI LIKIKWAMA NJIANI

Hata gari lililotunzwa huweza kukwama. Hapo jambo la kwanza ni maisha ya watu. Gari lisukumwe nje ya njia kabisa, taa za hatari ziwashwe, na pembetatu za onyo ziwekwe mbali nyuma na mbele, wala si matawi ya miti peke yake, ambayo hayaonekani usiku. Abiria washuke na kusimama mbali na lami. Watoto wasiachwe wamelala ndani ya gari huku fundi akingojwa gizani.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kabla ya kuondoka Nairobi, au kabla ya kuushika mlima pale Sagana, dakika 10 zatosha kutazama maji, oili, mafuta ya breki, matairi na taa. Jamaa wanaongoja Karatina au Nyeri hawatalalamika kwamba chakula kimechelewa kwa dakika 10, maadamu wageni wao wamefika wote.