Mwanasesere Asiwe Kipimo cha Mwili wa Mtoto

Katika zahanati za Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, mtoto mchanga hupimwa kwa utepe unaozungushwa mkononi, juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, utepe huonyesha rangi nyekundu. Maana yake ni utapiamlo mkali. Kati ya mwaka 2020 na 2022, mvua ilipokosekana misimu 5 mfululizo, hakuna mzazi aliyehitaji kufafanuliwa wekundu huo. Katika ardhi hii, wembamba wa kupindukia ni dalili ya njaa.

Lakini binti huyo huyo akinusurika na kukua, hukabidhiwa kipimo kingine: mwanasesere wa plastiki mwenye kiuno cha nyigu, miguu ya korongo na ngozi nyeupe. Umbo hilo lilienezwa na Barbie, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1959, na limeigwa na viwanda vingi vya bei nafuu. Kile ambacho mama alikiogopa zahanatini, mtoto anafunzwa kukitamani sebuleni. Huu ni mgongano ambao walimu hawana budi kuutazama.

Wapo watakaodai kwamba mchezo ni mchezo tu. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uingereza kwa wasichana 162 wa umri wa miaka 5 hadi 8. Miongoni mwa wadogo, walioonyeshwa picha za Barbie waliridhika na miili yao kwa kiwango cha chini, wakatamani kuwa wembamba kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa. Samaki mkunje angali mbichi, na wanasesere nao hukunja.

Ni kweli kwamba watengenezaji wameanza kujirekebisha. Mwaka 2016 kampuni ya Mattel ilitoa Barbie wa maumbo mapya, akiwemo mwenye nyonga pana. Mwaka 2017 ikamtangaza mwanasesere mwenye hijabu, kwa mfano wa Ibtihaj Muhammad, mwanamichezo wa upanga wa Marekani. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, malezi ya binti wa Garissa hayawezi kuachiwa kiwanda cha ng'ambo.

Mwalimu hahitaji kupiga wanasesere marufuku. Amlete mmoja darasani, awaulize wanafunzi: je, mtu mwenye kiuno hiki angeweza kubeba mtungi wa maji wa lita 20? Mbona Barbie wa zamani hawezi kusimama bila kushikiliwa? Ni kwa sababu nyayo zake ziliumbwa kwa ajili ya visigino virefu, si kwa mwendo. Kisha wanafunzi watengeneze wanasesere wao kwa vitambaa na vijiti, wakiwafananisha na mama, shangazi na nyanya zao.

Nanyi wanafunzi, acheni kuwabandika wenzenu majina ya kejeli kwa sababu ya unene, wembamba au weusi wao. Neno la dhihaka uwanjani huumiza kuliko mwanasesere yeyote.

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwili wa mtoto upimwe kwa afya yake, wala usipimwe kwa plastiki.