Makali ya Panga za Vita: Hadithi na Ukweli

Katika hadithi nyingi upanga wa shujaa hukata kitambaa cha hariri kinachoelea hewani. Kinyume chake, mtu azuruye jumba la makumbusho huona panga butu zilizoliwa na kutu, akadhani kuwa zamani hazikuwa zaidi ya marungu ya chuma. Mawazo yote mawili yana kasoro.

Makali ni nini?

Makali ni ukingo ambapo nyuso mbili za upanga hukutana. Kadiri ukingo huo ulivyo mwembamba, ndivyo kani ya mkono inavyotua juu ya eneo dogo, na kanieneo huwa kubwa. Chukua mfano wa kani ya newton 100 inayogusa kitu kwa urefu wa milimita 50. Ukingo ukiwa na unene wa milimita 0.1, kanieneo ni newton 20 kwa kila milimita ya mraba. Ukinolewa hadi milimita 0.01, kani ile ile huleta newton 200.

Kwa nini basi upanga haukufanywa mwembamba kama wembe? Wembe hunyoa nywele vizuri, lakini ukitumiwa kuchanja kuni humeguka mara moja. Shoka lina ukingo wa pembe pana zaidi, nalo hustahimili pigo. Upanga ulipaswa kuwa kati ya viwili hivyo: ukate nguo na nyama, lakini usimeguke ukigonga mfupa au ngao.

Kazi ya mhunzi

Feleji ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha ikatoswa majini, huwa ngumu sana lakini huvunjika upesi. Wahunzi wengi wa Ulaya waliipasha tena moto wa kadiri ili kuipunguzia udhaifu huo. Wahunzi wa Japani walipaka upanga udongo, mwingi mgongoni na kidogo kwenye makali. Ulipotoswa majini, makali yalipoa haraka yakawa magumu, na mgongo uliopoa polepole ukabaki laini, ukaweza kuhimili kishindo.

Ushahidi wa mifupa

Mwaka 1361 jeshi la Denmark liliwashinda wenyeji wa kisiwa cha Gotland karibu na mji wa Visby. Makaburi ya pamoja ya vita hivyo yalifukuliwa katika karne ya 20, yakatoa mifupa ya watu zaidi ya 1,000. Mingi ina alama za kukatwa kwa silaha zenye makali, hasa miguuni chini ya goti. Silaha butu huvunja mfupa. Haiachi mkato safi.

Ala na makali

Hata hivyo, upanga uliotoka kwa mhunzi ukiwa mkali haukubaki hivyo wenyewe. Nahodha Louis Nolan, askari mpanda farasi wa Uingereza aliyefanya kazi India, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1853. Alisikia kuwa wapanda farasi wa Nizam wa Hyderabad walikata vichwa na mikono kwa pigo moja. Alipochunguza panga zao, aligundua kuwa nyingi zilikuwa panga kuukuu za Kiingereza, zilizotupwa na jeshi lake mwenyewe na kutiwa mipini mipya.

Tofauti ilikuwa katika utunzaji. Askari wa Uingereza walibeba panga katika ala za chuma, na kila zilipochomolewa au kurudishwa, makali yalisuguana na chuma. Wale wa Nizam walizinoa sana, wakazihifadhi katika ala za mbao, na hawakuzichomoa ila vitani. Hivyo upanga mmoja ulikuwa butu katika mkono wa kwanza na mkali ajabu katika mkono wa pili, ingawa feleji yake haikubadilika. Wahenga walisema: kinolewacho hupata.