Kila mtu asikie, na maneno yasitoke nje: vifaa vya kusaidia kusikia katika mikutano ya amani



Tunapoandaa mkutano wa upatanisho tunafikiria mambo mengi: nani aalikwe, nani aongoze, watu watakaa wapi na watakula nini. Mara chache tunajiuliza kama kila aliyealikwa atasikia. Lakini wale tunaowahitaji sana, yaani wazee wanaojua mipaka ya mashamba na namna ugomvi ulivyoanza, mara nyingi ndio ambao masikio yao yamechoka. Na si wazee tu. Huku mashariki ya Kongo wako vijana ambao masikio yao yaliumizwa na milio ya bunduki na mabomu. Wako waliougua homa ya uti wa mgongo utotoni, wenye masikio yanayotoa usaha, na walioumizwa na kinini au dawa kama streptomisini na gentamisini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa kusikia, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma.

Mtu asiyesikia vizuri mara nyingi hasemi. Anaona aibu kuomba maneno yarudiwe, basi anatikisa kichwa pamoja na wengine, na mwishoni anaweka kidole gumba kwenye karatasi. Akirudi kijijini anaulizwa juu ya mapatano, naye anasema hakukubali jambo lile. Ni kweli, hakulisikia. Upande wa pili unamwita mnafiki. Hivyo mapatano yanaweza kuvunjika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Katika makala hii tunaeleza vifaa visivyo na waya vinavyoleta sauti ya msemaji moja kwa moja kwenye sikio la msikilizaji. Tunaeleza pia hatari yake, maana kifaa kinachopeleka maneno kwa mzee aliyekaa nyuma kinaweza kuyapeleka vilevile kwa mtu aliye nje ya ukuta.

Kwa nini spika hazitoshi

Sauti hupungua kadiri inavyokwenda mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya kanisa au darasa, kuta za saruji huirudisha sauti, mvua hupiga mabati, na watoto hucheza nje. Spika hukuza sauti, lakini mwangwi nao unakua pamoja nayo. Mwenye masikio dhaifu anasikia kelele kubwa zaidi, wala si maneno yaliyo wazi zaidi. Hata aliye na kifaa cha kusikia cha kuvaa sikioni hupata shida msemaji akiwa mbali zaidi ya mita mbili au tatu.

Mfumo tunaouzungumzia una sehemu tatu. Kipaza sauti hukaa karibu na mdomo wa msemaji. Kirusha sauti huyatoa maneno hewani. Kipokea sauti, ambacho msikilizaji huvaa shingoni au mfukoni, huyaleta sikioni kwa hedifoni. Mwenye kifaa cha sikioni chenye alama ya «T» anaweza kuvaa kitanzi cha shingoni badala ya hedifoni.

Vifaa hivi havimsaidii kiziwi asiyesikia kabisa. Yeye anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, na maandishi kama anajua kusoma.

Aina nne, na maneno yanafika wapi

*Mawimbi ya redio (FM).* Hufanya kazi ndani na nje, hata chini ya mwembe au turubai. Vidogo vya kuvaliwa hufika mita 30 au zaidi, na vile vya ukumbi mkubwa vinaweza kufika mita mia kadhaa. Mawimbi haya hupita kwenye kuta. Mtu yeyote mwenye kipokea sauti cha namna hiyohiyo anaweza kusikiliza akiwa barabarani.

*Miale ya infraredi.* Huu ni mwanga usioonekana kwa macho. Haupiti kwenye ukuta, lakini hupita kwenye kioo na kwenye mlango ulio wazi. Jua kali huuharibu, kwa hiyo haufai nje. Kwa mazungumzo ya siri ndani ya nyumba ni chaguo zuri, mkifunga milango na kushusha mapazia.

*Kitanzi cha waya.* Waya huzungushwa chumbani, na wenye vifaa vya «T» husikia bila kuvaa kitu kingine. Lakini sauti yake huweza kuvuja hadi chumba cha jirani na ghorofa ya juu au ya chini.

*Mfumo wa dijitali.* Baadhi hufunga maneno kwa ufunguo wa siri, ili asiye na ufunguo asikie mlio tu au asisikie kitu. Auracast, iliyotangazwa mwaka 2022, inatumia Bluetooth na inaweza kuwekewa neno la siri. Isipowekewa, iko wazi kwa kila mwenye kifaa kinachoipokea. Ulizeni muuzaji kama ufunguo upo, na hakikisheni wenyewe kwamba umewashwa.

Kuna pia virusha sauti vya bei ndogo vinavyotumia mawimbi ya redio za kawaida, kati ya MHz 87.5 na 108. Tunaomba visitumike kamwe katika mkutano wa amani. Hayo ni mawimbi ya Radio Okapi na redio zetu za kijamii. Mama anayepika nyumba ya pili akitafuta habari kwenye redio yake anaweza kukutana na ushuhuda wa mtu aliyebakwa.

Ruhusa ya mawimbi

Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia MHz 72 hadi 76, au 216 hadi 217. Vya Ulaya hutumia mara nyingi MHz 863 hadi 865. Kinachoruhusiwa kule si lazima kiruhusiwe Kongo. Kabla ya kununua au kupokea zawadi kutoka ng'ambo, ulizeni ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano, na muwe na jibu kwa maandishi. Nakala ya barua hiyo ikae ndani ya sanduku la vifaa pamoja na hati ya kazi. Kwenye kizuizi cha barabarani, sanduku lenye antena na nyaya linaweza kudhaniwa kuwa chombo cha upelelezi, na barua ile huwakinga wanaolibeba.

Kupanga vifaa, hatua kwa hatua

1. Siku moja kabla, chajini betri zote na jaribuni kila kipokea sauti. Vipeni namba.

2. Chagueni chaneli moja kwa ajili ya wanaohitaji kusikia. Kama mna mkalimani wa Kinyarwanda, Kifuliiru au Kifaransa, apewe chaneli nyingine.

3. Wekeni kipaza sauti kwa umbali wa sentimita 15 hivi kutoka mdomoni. Katika mazungumzo ya duara, kipaza sauti kizunguke, na asiyekishika asiseme. Kanuni hii huwasaidia hata wenye masikio mazima, maana huzuia watu kukatizana.

4. Fanyeni jaribio la watu wawili. Mmoja asome hesabu polepole kwenye kipaza sauti: moja, mbili, tatu. Mwingine avae kipokea sauti na kutembea kila pembe ya ukumbi. Panapokatika, sogezeni kirusha sauti au kiinueni juu.

5. Mtu huyo aendelee hadi nje, auzunguke uwanja na barabara, mpaka hesabu zipotee kabisa. Sasa mnajua maneno yenu yanafika wapi. Yakifika sokoni au kwenye kambi ya askari, punguzeni nguvu ya kirusha sauti ikiwezekana, au badilisheni aina ya kifaa.

Jaribio la tano ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Tunaliona kuwa la lazima kila mnapobadilisha mahali.

Kulinda wanaosema

Mwanzoni mwa mkutano, elezeni vifaa kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Waonyesheni, waacheni wavishike. Watu waliopitia vita huogopa kitu chenye antena, na ni haki yao kuuliza kama kinarekodi. Jibu liwe la kweli. Kama hakirekodi, semeni hivyo. Kama mnarekodi kwa njia nyingine, ombeni ruhusa kwanza.

Mtu akitaka kutoa ushuhuda mzito, aulizwe kama anakubali maneno yake yapite kwenye kifaa. Akikataa, zimeni, na wasiosikia vizuri wasogezwe karibu naye. Wakati wa mapumziko kipaza sauti kizimwe mara moja. Wajumbe wa upande mmoja wanaposhauriana pembeni huku kipaza sauti kimewashwa, upande wa pili unaweza kusikia yote, na siku nzima ya kazi ikapotea.

Mwishoni hesabuni vipokea sauti kwa namba zake. Kimoja kikipotea, mkutano unaofuata utumie chaneli au ufunguo mwingine.

Kulinda masikio na mwili

Kila mtu aanze na sauti ya chini kabisa na kuipandisha mwenyewe. Mtu mwingine asimpandishie. OMS inashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Sauti ikiuma au ikiacha mlio sikioni, ipunguzwe.

Mahali pasipo salama, sikio moja libaki wazi, au mtu mmoja akae karibu na wenye hedifoni ili awaguse panapotokea hatari. Aliyefunika masikio yote mawili hatasikia watu wakikimbia.

Kitanzi cha shingoni na hedifoni vina nguvu ya sumaku. Mwenye mashine ya kusaidia mapigo ya moyo aongee na daktari kabla ya kuvivaa. Hedifoni zifutwe kwa kitambaa na dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumpa mtu mwingine, na mwenye sikio linalotoa usaha asipewe za kuingiza ndani ya sikio. Huyo aelekezwe kwenye kituo cha afya.

Betri zisizo za kuchaji zisiwekwe kwenye chaja, maana zinaweza kuvuja au kupasuka. Msichanganye za zamani na mpya, msizitupe motoni, na mziondoe vifaa vinapokaa wiki nyingi bila kazi. Sanduku lisiachwe juani ndani ya gari.

Ikiwa hamna fedha

Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inaeleza haki za watu wenye ulemavu kwa upana zaidi. Kamati za amani zinaweza kutaja sheria hizi zinapoomba msaada wa vifaa.

Kabla vifaa havijapatikana, yapo yanayowezekana leo. Wekeni viti kwa duara. Wasiosikia vizuri wakae mbele, mwanga ukiangaza uso wa msemaji ili waone midomo yake. Chagueni chumba kisicho na mwangwi, au tandikeni mikeka na mapazia. Na kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi au kidole gumba, msomeeni kila kipengele akiwa karibu, kisha mwombeni aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokubali. Akishindwa kukieleza, someni tena, hata kama chakula kimekwisha kuiva na magari yanasubiri.