Madaka ya Pate: Historia, Sanaa na Imani katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ilitungwa baina ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kwa kawaida hufundishwa kama waadhi: mshairi anauonya moyo wake usihadaike na dunia. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Mtunzi hakuihubiri dunia ya jumla, bali mji wake mwenyewe. Pate ilikuwa imetajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ikadhoofishwa na fitina za urithi wa kiti na vita na majirani. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Pate na Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu huko Shela.

Chukua mfano wa madaka, au zidaka kama yaitwavyo pia. Kamusi husema kwamba kidaka ni kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Maelezo hayo hayamsaidii sana mwanafunzi ambaye hajaingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au Pate. Zidaka hujipanga safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri, nyingine kutoka China. Ukuta mzima ulikuwa tangazo la nasaba na mali. Tena watafiti wa nyumba hizo wameeleza kuwa chumba cha ndani kabisa ndimo wanawake walimojifungulia na maiti walimooshewa. Mshairi anapoonyesha makinda ya ndege yamelala mahali pa sahani, na bundi akilia ndani ya nyumba, msikilizaji wa Pate alijua ni chumba gani kilichoingiliwa. Hapo sanaa ya mwashi na itikadi ya mauti hazitenganiki.

William Hichens, aliyeuhariri utungo huu mwaka 1939, aliupa kwa Kiingereza anwani inayohusu kuamka kwa roho. Ile ya James de Vere Allen ya mwaka 1977 nayo ilitaja roho, ingawa Allen, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, alizifahamu nyumba hizo vizuri. Jiwe limekosa nafasi katika anwani zote mbili.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi umo katika sarufi. Utungo huu huitwa utenzi, ijapokuwa mizani yake ni 10 kwa mshororo, si 8 kama ya tenzi nyingi. Mishororo mitatu ya kila ubeti ina kina chake, na wa nne huishia kwa -ye toka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi -ye hiyo ni tamati ya kitenzi katika hali timilifu ya lahaja za kaskazini, -iye, inayotokana na -ile ya Kibantu cha kale. Umbo hili halisemi tu kwamba jambo limetendeka. Husema pia kwamba hali iliyozaliwa na tendo hilo ingalipo. Makinda yalilala, na bado yamelala. Taa katika pepo ilizimika, na giza limebaki. Anayeuhamisha utungo huu kwenye Kiswahili sanifu hulazimika kutumia -me-, inayokaa mwanzoni mwa kitenzi. Maana ya jumla husalimika, lakini kina kilichozifunga beti zote huanguka.