Tembe kali za chunusi: Pima faida na madhara kabla ya kumeza

JE, ni busara kumeza dawa inayoweza kugusa ini, macho na hata mtoto aliye tumboni, kwa sababu ya chunusi? Hili ni swali ambalo sisi madaktari huulizwa mara kwa mara, hasa na wazazi wa vijana walio katika shule za sekondari na vyuo. Wengine huja wakiwa wameshika karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti ya dawa, wameisoma kutoka juu hadi chini na kuingiwa na hofu. Wengine hawakusoma chochote: walipewa tembe na rafiki wakaanza kumeza.

Dawa yenyewe inaitwa isotretinoini. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazotumiwa kutibu chunusi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na wengi waliifahamu kwa jina la Roaccutane, ingawa siku hizi huuzwa kwa majina mengi. Lengo la makala haya si kukutisha, msomaji, wala kukushawishi uitumie. Ni kukuonyesha namna ya kupima, kwa sababu kila dhara lina uzito wake.

Chunusi hutoka wapi?

Chini ya ngozi, karibu na shina la unywele, kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta. Kijana anapobaleghe, homoni huzifanya tezi hizi kutoa mafuta mengi zaidi. Seli zilizokufa huziba kitundu, mafuta hujaa ndani, bakteria huongezeka humo, na mwili unapopambana nao ngozi huvimba na kutunga usaha. Si uchafu. Wala si dalili ya ashiki kama isemwavyo mitaani, na haiponi kwa kuoa au kuolewa.

Isotretinoini ni ya jamii ya vitamini A. Kazi yake ni kuzinyausha tezi za mafuta na kuzuia vitundu visizibe. Ndiyo sababu hufaulu pale ambapo dawa nyingine zimeshindwa. Ndiyo sababu pia midomo hukauka na kupasuka. Faida na usumbufu hutoka mahali pamoja.

Nani anaistahili?

Mwenye vipele vichache usoni hahitaji dawa hii. Huanza na dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi au adapalini. Hali ikizidi, huongezewa antibayotiki ya kumeza kama doksisaiklini kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Baadhi ya wanawake husaidiwa na vidonge fulani vya kupanga uzazi. Dawa hizi huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili ili zionyeshe kazi, na wengi huzitupa baada ya wiki mbili wakidai zimeshindwa.

Isotretinoini ni ya mtu mwenye vinundu vikubwa, vigumu na vyenye maumivu, au ambaye chunusi yake inaacha makovu, au aliyetumia dawa nyingine sawasawa bila nafuu.

Hapa sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji kuwa makini. Kipele kikipona huacha doa jeusi. Doa si kovu. Pitisha kidole juu yake: likiwa sawa na ngozi iliyo kando, huenda likafifia lenyewe kwa muda wa miezi, hasa ukilikinga na jua. Kovu halisi ni shimo au uvimbe mgumu, na hilo halifutiki kwa urahisi. Mtu anayesumbuliwa na madoa peke yake hana sababu ya kumeza dawa kali.

Jihadhari pia na krimu za kung'arisha uso ziuzwazo kiholela. Baadhi huwa na steroidi, ambazo hutuliza uvimbe kwa siku chache, kisha huleta chunusi mpya na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Ikiwa unatumia krimu ya namna hiyo, mwambie daktari kabla hajakuandikia chochote.

Namna ya kusoma orodha ya madhara

Karatasi ya dawa hutaja madhara mengi, na msomaji asiyezoea huyaona yote kuwa sawa. Lakini yamepangwa kwa idadi. Linaloitwa la kawaida sana huwapata zaidi ya mtu 1 katika kila 10. La nadra huwapata wasiozidi mtu 1 katika kila 1,000. La nadra sana, wasiozidi mtu 1 katika kila 10,000.

Idadi pekee haitoshi. Kwa kila dhara jiulize maswali matatu. Je, hutokea mara ngapi? Je, linaweza kugunduliwa mapema kabla halijaleta hasara? Je, dawa ikiachwa, litaondoka? Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote.

Yanayosumbua na kuondoka

Karibu kila mtu hukauka midomo. Wengi hukauka ngozi, macho na pua, na wengine hutokwa na damu puani. Wiki za kwanza chunusi inaweza hata kuongezeka kabla ya kupungua. Misuli na viungo huuma, hasa kwa wanaofanya mazoezi makali. Mafuta ya midomo, losheni isiyo na manukato na matone ya macho husaidia, na kwa kawaida hali hizi huisha dawa inapokwisha.

Hata hivyo, dhara dogo kwa mmoja laweza kuwa kubwa kwa mwingine. Dawa hii inaweza kupunguza uwezo wa kuona gizani. Kwa karani wa ofisini hilo ni usumbufu tu. Kwa dereva wa matatu wa usiku au mwendeshaji wa bodaboda ni hatari kwake na kwa abiria wake. Mwambie daktari kazi unayofanya.

Yanayoonekana maabara

Isotretinoini inaweza kuongeza mafuta katika damu na kulisumbua ini. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha hupimwa tena dawa ikiendelea. Vipimo vikipanda, daktari hupunguza dozi au huisimamisha, na kwa kawaida hali hurudi kama awali. Mafuta ya damu yakipanda kupita kiasi yanaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, ambao ni hatari kwa maisha. Mwenye kisukari, mwenye uzito mkubwa au anayekunywa pombe ana sababu zaidi ya kutokosa vipimo. Afadhali pombe iachwe kabisa hadi dozi ikamilike.

Akili na hisia

Mwaka 2000 mwana wa mbunge mmoja wa Marekani, Bart Stupak, alijitoa uhai akiwa anatumia dawa hii, na baba yake akaanza kampeni ya kutaka idhibitiwe. Tangu hapo suala hili limechunguzwa mara nyingi. Tafiti zilizojumuisha watu wengi hazijaonyesha kwamba, kwa jumla, wanaoitumia hujiua zaidi ya wengine, na wengi hupata furaha uso unaposafika. Chunusi mbaya yenyewe huleta huzuni, kujificha na kukosa usingizi. Pamoja na hayo, wapo wachache ambao hisia zao hubadilika wakiwa kwenye dawa.

Mwaka 2023 Uingereza iliagiza kwamba kijana wa chini ya miaka 18 asianzishiwe dawa hii hadi wataalamu wawili wakubaliane, na kwamba wagonjwa waelezwe kuhusu mabadiliko ya hisia na ya nguvu za kijinsia, ambayo kwa baadhi yao yameripotiwa kuendelea hata baada ya dawa kuachwa. Ushauri wangu kwa mzazi ni huu: mweleze daktari ikiwa katika familia kuna aliyewahi kuugua huzuni nzito, na umteue mtu mmoja nyumbani wa kumwangalia kijana. Akianza kujitenga, kukasirika ovyo au kusema maisha hayana maana, dawa isimamishwe na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mimba: hapa hakuna kujadiliana

Mwaka 1983, mwaka mmoja tu baada ya dawa kuidhinishwa, ripoti zilitolewa za watoto waliozaliwa na kasoro kubwa za masikio, uso, moyo na ubongo. Miongoni mwa watoto ambao mama zao waliitumia mimba ikiwa changa, kati ya mmoja katika kila watano na mmoja katika kila watatu huzaliwa na kasoro kubwa. Mimba nyingine huharibika. Wapo pia wanaozaliwa bila kasoro ya kuonekana lakini baadaye hupata shida ya kujifunza.

Hakuna kipimo cha maabara kinachotahadharisha mapema, na dawa ikiachwa kasoro haiondoki. Kwa maswali yetu matatu, hili ndilo dhara zito kuliko yote.

Kwa sababu hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza na kila mwezi akiendelea. Hutumia njia ya kuaminika ya kupanga uzazi kwa mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baadaye. Kipandikizi cha mkononi au koili hutegemewa zaidi, na mpira wa kondomu huongezwa. Vidonge vyenye homoni moja tu, vile wanavyopewa sana akina mama wanaonyonyesha, havitoshi. Ikiwa unatibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, fahamu kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu za vidonge na vipandikizi. Marekani ilianzisha mwaka 2006 mpango uitwao iPLEDGE, ambapo mwanamke wa aina hii hapewi dawa bila kuthibitishwa kwamba hana mimba.

Kwa mwanamume, haijaonekana kuwa dawa hii humdhuru mtoto atakayezaa. Lakini asimgawie dada, mke wala rafiki hata tembe moja. Na yeyote anayeitumia, mume kwa mke, asitoe damu hadi mwezi mmoja upite baada ya kumaliza, kwa sababu damu hiyo inaweza kutiwa mama mjamzito.

Mizani kwa mfano

Tuseme kijana wa kiume wa miaka 20 ana vinundu mgongoni na mashavuni, na kila mwezi anaongeza makovu. Dawa za kupaka na antibayotiki zimeshindwa. Upande mmoja wa mizani kuna makovu ya maisha. Upande wa pili kuna midomo mikavu, vipimo vya damu na uangalizi wa hisia. Kwake mizani huelekea kwenye dawa.

Sasa tuseme msichana wa miaka 26 ana chunusi ya namna ile ile, ataolewa mwezi wa Desemba na anatamani kupata mtoto mara moja. Dawa hutumiwa kwa takriban miezi sita. Ukiongeza mwezi wa kabla na wa baada, ni miezi minane bila mimba. Ama aahirishe mtoto, ama aahirishe dawa na kutumia tiba isiyo na hatari hiyo. Uamuzi ni wake, lakini aufanye akiwa na kalenda mezani, na mchumba wake aketi naye mbele ya daktari.

Hesabu ya dozi na ya mfuko

Kwa kawaida lengo ni miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito kwa matibabu yote. Mwenye kilo 60 anayelenga 120 huhitaji miligramu 7,200. Akimeza 40 kwa siku, hiyo ni siku 180. Daktari akiamua kumpa 30 ili kupunguza madhara, ni siku 240. Tembe zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kiasi, la sivyo sehemu kubwa haiingii mwilini.

Kabla ya kuanza, jumlisha bei ya dawa, vipimo na ziara za kliniki kwa miezi yote, na uulize bima yako inalipa nini. Anayeacha katikati kwa kukosa fedha amebeba madhara, na chunusi yake ina nafasi kubwa ya kurudi. Usijaribu kubana matumizi kwa kuruka vipimo au kununua bila cheti cha daktari.

Acha dawa na umwone daktari mara moja ukiona:

- maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika au kuona ukungu;
- maumivu makali ya tumbo;
- kuhara damu;
- macho au ngozi kugeuka manjano;
- malengelenge yaliyoenea mwilini;
- hedhi kuchelewa.

Usichanganye dawa hii na doksisaiklini au tetrasaiklini nyingine yoyote, maana kwa pamoja zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Ukienda kutibiwa ugonjwa mwingine, taja kwamba uko kwenye isotretinoini. Usiongeze tembe za vitamini A.

Utakapomwona daktari, nenda na majina ya dawa zote ulizokwisha kutumia na muda wa kila moja. Muulize: Je, nina kovu au doa? Nimemaliza dawa nyepesi? Vipimo vitafanywa lini? Daktari asiye na nafasi ya kujibu maswali haya hajawa tayari kukuandikia dawa hii, nawe hujawa tayari kuimeza.