Kayamba, Popo na Biti 24

Kila Agosti, Malindi humkumbuka Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, nao huja na ngoma zao. Simu nyingi huinuliwa kurekodi. Video zikifunguliwa nyumbani jioni, kayamba inasikika kama mafuta kikaangoni, na ngoma imepasuka. Mwenye simu hulaumu kifaa, akaanza kutamani chenye namba kubwa: biti 24, kilohezi 96, hata 192.

Namba hizo ni za aina mbili, na kila aina ina kazi yake. Kinasa cha kidijitali hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde, kisha huandika kila kipimo kwa tarakimu. Sidii, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 kwa sekunde, yaani kilohezi 44.1, kila kimoja kikiwa na biti 16, yaani ngazi 65,536. Hesabu za Harry Nyquist na Claude Shannon zinaonyesha kwamba wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, hurudi kamili. Sikio la kijana hukomea kwenye hezi 20,000 hivi, na la mzee chini zaidi. Basi vipimo 44,100 vinamtosha msikilizaji.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2007 Wamarekani Meyer na Moran waliwachezea watu muziki wa namba kubwa, kisha uleule ukipitishwa kwenye kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss, wa London, alijumlisha tafiti 18 akapata majibu sahihi asilimia 52.3. Tofauti ipo, lakini ni nyembamba mno.

Popo ni habari nyingine. Wale wala wadudu wa mapango ya Watamu, pamoja na pomboo wa bahari iliyo jirani, wanaweza kutoa milio inayopita hezi 100,000. Anayewachunguza anahitaji kinasa cha namba kubwa, kama kilohezi 384. Mpenzi wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, hakihitaji.

Biti ndizo zenye faida kwa anayerekodi. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa: 16 hutoa 96, na 24 hutoa 144 kwa hesabu, ingawa vifaa vyenyewe havifiki huko. Mwanzele huweza kuanza taratibu, kisha ngoma zikapamba moto. Kilele kikigonga dari, sauti hupasuka, na aghalabu hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Kwa biti 24 mrekodi huanza chini, akaacha nafasi, kisha akapandisha sauti baadaye bila kuamsha vumo. Kazi ikishakamilika, biti 16 zinamtosha msikilizaji.

Namba kubwa zina gharama pia. Saa moja ya stereo kwa biti 24 na kilohezi 192 hula gigabaiti 4 na ushee. Kwa kilohezi 48, gigabaiti 1 tu.

Mwaka 2009 UNESCO iliweka mila za Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wakiwemo Wagiriama, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwenye mzee nyumbani anayejua nyimbo za mila hizo na aanze sasa: biti 24, kilohezi 48, vilele visipite desibeli 12 chini ya dari, kipaza sauti kikingwe upepo wa bahari, na faili ya kwanza, kabla haijabanwa kuwa MP3, ihifadhiwe mahali pawili.